Mpango wa Kukuza Biashara Huanzia kwenye Yale Utakayoyaacha

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, wafanyabiashara wenzangu, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumze juu ya mpango mkakati na uongozi katika kuikuza biashara ndogo. Mada hii ni pana, nami sitajaribu kuimaliza. Nitashika jambo moja na kulifuata hadi linakofika. Katika biashara ndogo nyingi ninazozijua, mawazo ya kukua yapo tele. Bidhaa mpya, tawi jipya, mashine mpya, mteja mkubwa aliyeanza kuulizia bei: yote yamo kichwani mwa mwenye biashara, na mengine yameshaandikwa. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuacha. Ataacha bidhaa ipi, ataachana na mteja yupi, na katika maamuzi anayoyafanya leo yeye mwenyewe, ni yapi yatafanywa na mtu mwingine kuanzia mwezi ujao? Mpango usiojibu maswali hayo haujaanza, hata uwe na kurasa hamsini na majedwali ya rangi.

Mipango mingi iliyolala makabatini iliandikwa kwa ajili ya kuombea mkopo. Hakuna ubaya. Afisa mikopo anahitaji makisio ya mauzo na maelezo ya dhamana, mwandikie. Ila usidhani waraka ule ndio utakaokuongoza Jumatatu asubuhi, mteja anapokuja na oda ya kitu ambacho hujawahi kukifanya, na malipo ya awali ameyashika mkononi. Hapo ndipo inapojulikana kama una mkakati au huna.

Mwaka 1969, akiwasilisha mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alilisema jambo hili kwa maneno ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili hatujaacha kuyarudia: kupanga ni kuchagua. Yeye alikuwa akiizungumzia nchi. Lakini nchi angalau ina wizara nyingi za kugawana kazi. Biashara ya watu saba ina saa chache, fedha chache na kichwa kimoja kinachofikiri kwa niaba ya wote. Asiyechagua katika hali hiyo anachaguliwa na yeyote atakayepiga simu kwanza.

Niwape mfano wa kampuni ambayo leo ni kubwa lakini ilianza ikiwa ndogo na yenye shida. Southwest Airlines ya Marekani ilianza kuruka mwaka 1971 ikiwa na ndege tatu aina ya Boeing 737, ikihudumia miji mitatu ya Texas: Dallas, Houston na San Antonio. Ikaongeza ndege ya nne. Fedha zikabana, na mwaka 1972 ikalazimika kuiuza ndege moja. Ratiba iliyokuwepo ilikuwa ya ndege nne, na kupunguza safari kungepunguza mapato ambayo tayari hayakuwa yanatosha. Wafanyakazi wakaamua kuitimiza ratiba ileile kwa ndege tatu, na njia ilikuwa moja tu: ndege ikitua, abiria washuke, wengine wapande, na iondoke ndani ya dakika 10.

Sasa angalieni kilichofanya dakika hizo 10 ziwezekane. Tiketi hazikuwa na namba za viti, kwa hiyo abiria hawakupoteza muda kutafutana na viti. Hakukuwa na milo ya kupakia. Ndege zilikuwa za aina moja, kwa hiyo rubani na fundi yeyote aliifahamu yoyote kati yake. Kila kitu ambacho kampuni ilikataa kukifanya kilikuwa kinakisaidia kile ilichoamua kukifanya. Huo ndio mkakati, jamani. Orodha ya malengo kumi mazuri yasiyosaidiana haitakupa dakika 10.

Miaka ikapita, mashirika makubwa ya ndege yakaanza kuiga. Mwaka 1993 shirika la ndege la Continental, nalo la Marekani, likaanzisha huduma ya bei nafuu iliyoitwa Continental Lite. Tatizo ni kwamba halikutaka kuachana na ya zamani: viti vya namba viliendelea, mizigo ya abiria wanaobadilisha ndege iliendelea kuhamishwa, mawakala wa tiketi waliendelea kutumika. Ndege zikachelewa, malalamiko yakajaa, na mwaka 1995 huduma ile ikafungwa. Mshika mbili moja humponyoka. Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mfano huu, aliandika mwaka 1996 kwamba kiini cha mkakati ni kuchagua yale ambayo hutayafanya. Ikiwa shirika lenye ndege nyingi na mtaji mkubwa lilishindwa kushika yote mawili, wewe mwenye wafanyakazi saba utayashikaje?

Utajuaje cha kuacha? Kwa hili sina njia nyingine ya kuwapa zaidi ya daftari. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wetu tunaichukua kauli hiyo kama onyo la wizi tu. Ina maana pana zaidi. Chukua mauzo ya miezi 12 iliyopita, uyapange kwa mteja mmoja mmoja, halafu kwa bidhaa moja moja. Toa gharama za moja kwa moja, yaani zile zilizotumika kwa mauzo hayo yenyewe. Kisha fanya kazi ambayo wengi wanairuka: andika kando ya kila jina alivyokusumbua. Nani analipa baada ya kupigiwa simu mara nne? Nani anarudisha mzigo? Nani anataka apelekewe usiku? Ukishamaliza, karibu kila mara utakutana na mteja mmoja au wawili ambao kwa mauzo wako juu kabisa, na kwa kinachobaki wako chini kabisa. Umekuwa ukimhudumia kwa sababu jina lake linapendeza kulitaja.

Na ukimkuta mteja mmoja anayebeba nusu ya mauzo yako, andika hilo kwa kalamu nyekundu hata kama analipa vizuri. Siku meneja wake wa manunuzi atakapobadilishwa, mpango wako wote utabadilishwa na mtu usiyemjua.

Nije kwenye fedha, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo biashara yenye wateja wengi na sifa nzuri inapofia. Watu wanadhani biashara inakufa kwa kukosa mauzo. Inaweza kufa kwa kuyapata haraka mno.

Tuchukue biashara inayouza mzigo wa 100 kwa siku, kwa fedha yoyote mnayoitumia. Kuununua mzigo huo kunagharimu 80. Pango, mishahara na umeme vinakula 12. Zinabaki 8, nayo ni faida halali ya kufurahia. Sasa tuufuate mzigo wenyewe. Unaingia stoo leo. Msambazaji ametoa siku 15 za kulipa. Mzigo unakaa stoo siku 30 ndipo unauzwa, na mteja anauchukua kwa mkopo wa siku 45. Kwa hiyo fedha inatoka siku ya 15 na inarudi siku ya 75. Hizo ni siku 60 ambazo fedha ya mwenye biashara iko kwenye rafu na mikononi mwa watu. Kwa kuwa kila siku ananunua mzigo wa 80, wakati wowote utakapompekua utakuta 4,800 zimelala nje ya mfuko wake.

Anampata mteja mkubwa, mauzo yanakuwa maradufu, masharti ni yaleyale. Fedha zilizolala nje sasa zinatakiwa ziwe 9,600. Zile 4,800 za nyongeza zinahitajika kabla faida ya mauzo mapya haijaingia. Kwa faida yake ya 8 kwa siku, angehitaji siku 600 kuzikusanya. Hana siku 600. Kwa hiyo anachelewesha mishahara, anamkimbia msambazaji, anakopa kwa riba ya kukata shingo, na huku nje watu wanampongeza kwamba biashara imechanganya.

Huyo mtu hakuhitaji mkopo mkubwa, alihitaji kukaa chini kabla ya kutia saini. Akipunguza muda wa mzigo kukaa stoo kutoka siku 30 hadi 20, na mkopo wa mteja kutoka siku 45 hadi 30, pengo linashuka kutoka siku 60 hadi 35. Kwa manunuzi ya 160 kwa siku, fedha itakayolala nje ni 5,600. Mauzo yamekuwa maradufu, na nyongeza inayotakiwa ni 800 badala ya 4,800. Piga hesabu hiyo kwa namba zako kabla hujamjibu mteja mkubwa. Na usiogope kumwambia kwamba kwa oda ya ukubwa ule unahitaji malipo ya awali. Asiyetaka kabisa kukupa amekwambia mapema atakavyokuwa wakati wa kulipa. Ankara itoke siku ileile mzigo unapotoka. Simu ya kukumbusha ipigwe siku chache kabla ya tarehe ya malipo, kwa adabu, wakati bado hakuna aliyekosa. Biashara ngapi zinakopa benki huku ankara za wiki tatu ziko kwenye droo hazijapelekwa?

Hayo ni ya mkakati. Uongozi ndio mgumu zaidi, kwa sababu unamgusa mwenyewe.

Mwaka 1959 mchumi Edith Penrose alitoa hoja ambayo naona kila mwenye biashara ndogo angeielewa bila kusoma uchumi. Alisema kasi ya kampuni kukua inawekewa mpaka na uwezo wa viongozi wake. Unaweza kuajiri mameneja wapya, lakini hawawezi kuleta manufaa siku ya kwanza. Lazima waijue kazi, wawajue watu, wazoeane na walio ndani. Na wanaowafundisha ni walewale ambao siku hiyohiyo wanaiendesha biashara. Mtaji unaweza kuingia kwenye akaunti kwa siku moja, ila uzoefu wa kuamua pamoja haukopesheki.

Mtaalamu wa menejimenti Larry Greiner naye, katika makala yake ya mwaka 1972, alieleza kwamba kampuni inapokua hupita vipindi vya utulivu vinavyokatizwa na misukosuko, na kila msukosuko unazaliwa na mafanikio ya kipindi kilichotangulia. Mwanzilishi anaiinua biashara kwa ubunifu na nguvu zake. Halafu inafika mahali nguvu hizo hazitoshi, inahitajika menejimenti ya kweli. Menejimenti ikishika usukani kwa maagizo kutoka juu, baadaye walio chini wanabanwa, nao wanataka nafasi ya kuamua. Napenda maelezo haya kwa sababu yanamwondolea mtu aibu. Ukiona mambo yanaanza kukuzidi, huenda haimaanishi umeharibu. Huenda umefika hatua inayofuata na bado unaongoza kwa namna ya hatua iliyopita.

Hebu tuingie kwenye karakana ya uchapaji yenye watu tisa. Saa mbili asubuhi mwenyewe anafika. Kijana wa mapokezi anamsubiri mlangoni: kuna mteja anataka apunguziwe bei, tumpunguzie kiasi gani? Fundi wa mashine anauliza kama karatasi nzito iliyobaki itumike kwa kadi za harusi au ingojee oda ya vitabu. Dereva anataka saini ya mafuta. Simu inaita, na aliye upande wa pili hataki kuongea na mwingine yeyote, anamtaka bosi. Ikifika saa nane mchana hajagusa makadirio ya zabuni yanayotakiwa kesho, na mashine imesimama muda mrefu ikingoja jibu la karatasi. Jioni anarudi nyumbani amechoka kweli kweli, na anaamini kwamba bila yeye pale hakuna kinachokwenda. Ni kweli, hakiendi. Ameijenga hivyo mwenyewe, kila aliporudisha jibu badala ya kurudisha mamlaka.

Ningemshauri aanze hivi. Kwa wiki mbili aandike kila swali analoulizwa, lilivyo, na jina la aliyeuliza. Asibadilishe kitu kingine. Baada ya hapo akae na orodha hiyo. Ataona kwamba mengi yanajirudia, na kwamba jibu lake karibu kila mara ni lilelile. Hayo ndiyo ya kuachia kwanza, na yaachiwe kwa maandishi, yakiwa na kipimo: punguzo la hadi asilimia 5 anaamua wa mapokezi, hadi asilimia 10 anaamua msimamizi, zaidi ya hapo ndiyo yaje kwangu. Karatasi itengwe kwa kufuata tarehe ya oda, na fundi ndiye mwenye neno la mwisho. Mafuta yawe na bajeti ya wiki na kitabu cha kilomita. Kukasimu madaraka bila kiwango ni kumtega mtu. Atakuja kuuliza kila kitu kwa hofu, au ataamua yote kwa ujasiri, na kwa vyovyote utamlaumu.

Halafu itakuja siku ya kwanza ya makosa. Msimamizi atatoa punguzo ndani ya kiwango chake, kwa mteja asiyestahili, na fedha itapotea. Siku hiyo ndiyo wafanyakazi wote watakuwa wanakutazama. Ukimnyang'anya mamlaka mbele za watu, umewafundisha wote wanane kwamba yale maandishi hayakuwa ya kweli, na kesho foleni itarudi mlangoni kwako. Kaa naye faragha, mwulize alichokiona wakati anaamua, mpe alichokosa kukijua, mwache aendelee. Wizi ni jambo lingine, na dawa yake haipatikani kwa wewe kuamua kila kitu: anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika vitabu, hesabu ya droo ifungwe kila jioni, stoo ihesabiwe bila taarifa. Hayo yakiwepo unaweza kumwamini mtu bila kumtia majaribuni.

Toyota, ambayo hakuna anayeweza kuiita kampuni isiyo na nidhamu, ilimpa mfanyakazi wa kawaida kwenye mstari wa kuunda magari haki ya kuvuta kamba na kusababisha mstari mzima usimame akiona kasoro. Dakika moja ya mstari ule kusimama ni gharama kubwa. Waliona ni nafuu kuliko kasoro kuendelea kimya hadi kwa mteja. Na wewe jiulize: ni nani katika biashara yako mwenye ruhusa ya kusema "mzigo huu hautoki" bila kukutafuta kwanza?

Kwa walioajiri ndugu na jamaa, hapa nina neno fupi. Sheria ya kiwango iwe moja. Mpwa wako akichukua fedha bila risiti na wewe ukanyamaza, hakuna waraka utakaowarudisha wengine kwenye utaratibu.

Mpango wenyewe, sasa, utakaa wapi? Ukurasa mmoja unatosha, na uwe mahali unapoonekana. Juu andika unamhudumia nani na kwa nini akuchague wewe. Chini yake andika mambo mawili, ukizidi sana matatu, mtakayoyakamilisha katika siku 90 zijazo, kila moja likiwa na jina la mtu mmoja. Likiwa na majina mawili halina mwenyewe. Kisha, kwa herufi kubwa kuliko hizo nyingine, yale mliyoamua kuyaacha kwa kipindi hicho. Pembeni ziwekwe namba chache mnazozitazama kila wiki: fedha iliyopo, fedha mnayodai na ya siku ngapi, oda zilizothibitishwa, kazi zilizorudishwa kwa kasoro. Mkutano wa nusu saa, siku ileile, saa ileile, hata ukiwa umesafiri. Hasa ukiwa umesafiri, maana ndipo utajua kama umeachia kweli.

Na kabla hamjaupitisha ukurasa huo, fanyeni zoezi lililoelezwa na mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007. Kusanya watu wako, hata wale ambao huwa hawaitwi kwenye vikao, dereva na mtunza stoo wakiwemo. Waambie: mwaka umepita, mpango huu umeshindwa vibaya. Kila mmoja aandike kimya kimya, kwa dakika chache, sababu zilizoufanya ushindwe. Kisha wasome mmoja mmoja, na wewe mwenye biashara usome wa mwisho. Ukiwauliza watu kama mpango ni mzuri, watakwambia ni mzuri, kwa heshima tu. Ukiwaambia mpango umeshakufa na wewe unatafuta chanzo, heshima haiwazuii tena. Mtunza stoo atakwambia msambazaji unayemtegemea alishindwa kuleta mzigo mara mbili msimu uliopita. Wa mapokezi atakwambia wateja wanaondoka kwa kukuta simu haipokelewi. Inawezekana kabisa mmoja wao akaandika kwamba mpango ulishindwa kwa sababu bosi hakuachia. Karatasi hiyo ikisomwa, usijitetee. Iandike kwenye ukurasa, pamoja na kile utakachokiachia, na tarehe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni hayo. Nakurudishia kipaza sauti kwa ajili ya maswali, na ningeomba tuanze na wale wenye wafanyakazi wasiozidi kumi. Mwenye namba zake za siku za mkopo na siku za stoo azilete hapa mbele, tupige hesabu ya pengo lake pamoja. Asanteni sana.